Mwaka wa Kusema Pasi Mkono Umejaa

Mwezi uliopita tulimzika Sista Aikande kule Machame, kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la migomba la ukoo, nyuma ya banda la ng'ombe. Pale alipachagua mwenyewe, akisema hakuna mrithi atakayethubutu kumchimbia choo jirani. Alikuwa mkunga, sista wa kliniki, siyo mtawa. Nusu ya waliobeba jeneza aliwatoa yeye tumboni kwa mama zao, nusu nyingine aliwahi kuwatukana, na mimi ni wa nusu hiyo ya pili. Baada ya maziko nilikuwa nimekaa kwenye turubai na sahani yangu ya ndizi nyama, najifanya nasikiliza hotuba ya mwenyekiti wa kitongoji, ndipo mama mmoja mzee mwenye fimbo akaja akaketi pembeni yangu bila kuuliza. Akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu, kile kizuri. Nikamtambua kwa hicho. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Umenenepa." "Ni maisha, Mwalimu." "Ni mafuta." Akatafuna polepole, meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu, akitazama udongo mbichi kule nyuma ya banda. Kisha akasema, kama anayeulizia bei ya sukari, "Sasa mimi nitagombana na nani?" Huyo ndiye Mwalimu Elinami, na kama unataka kujua kwa nini swali hilo lilinifanya nifute macho nikisingizia pilipili, itabidi nikurudishe kwenye mwaka niliojifunza kucheza briji.

Ndiyo, briji, ule mchezo wa karata wa watu waliosoma. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha pili. Shule haikunifukuza, wala mimi sikuiacha. Tulichokana taratibu kama wachumba. Mwaka ninaousema ndio ule mitumba ilipoanza kumwagika, maduka ya ushirika yamebaki na chumvi na viberiti, na kila kijana mwenye sauti alipanda juu ya kreti akawa mfanyabiashara. Mimi sauti nilikuwa nayo. Siku za soko nilikuwa Kwa Sadala, nimepasua belo, nanadi suruali moja moja: mara ya kwanza, mara ya pili, nani anaongeza? Watu walikuwa wanakuja kucheka, wanaondoka wamenunua. Kuna mama mmoja alikuja soko tatu mfululizo, amevaa viatu vyeupe vya kliniki, anasimama tu na mwavuli. Hanunui, hacheki. Nikajua ni mtu wa kodi. Siku ya tatu akaniita pembeni.

"Wewe kijana. Yule baba wa koti la bluu, umejuaje kwamba ataongeza?"

"Alikuna sikio, mama."

"Sista. Na yule mama wa kitenge, mbona ulimkatia haraka ukamwachia shuka? Alikuwa bado anapanda."

"Alikuwa anapanda kwa hasira, Sista, siyo kwa uwezo. Anashindana na jirani yake. Ningemwachia angefika mbali, halafu angerudi nyumbani bila unga, na hapa asingekanyaga tena."

Akanitazama kama anayepima mimba. "Mtu wa wapi wewe?" "Kibosho." "Mae!" akasema, kama nimemtajia ugonjwa, maana Machame na Kibosho ni wapinzani tangu enzi za mababu. "Basi hivyo hivyo. Jumamosi saa nane njoo kwangu Machame. Vaa shati lenye vifungo."

Nilidhani ana binti. Nilipiga pasi shati, nikapaka mafuta mpaka nikang'aa kama bati jipya. Binti alikuwepo, Ruth, lakini yuko Dodoma ameolewa, yupo ukutani tu kwenye picha. Chumba chenyewe nakiona mpaka leo: makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma kila mahali penye mahali, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kunywewa, kalenda ya usharika, na katikati meza ndogo iliyotandikwa blanketi la kijivu. Dirishani migomba ilikuwa imebanana hata mchana ule taa ya chemli ingefaa. Mumewe, Baba Ruth, fundi saa mstaafu na mpole kama maziwa mgando, alikuwa ameketi upande mmoja. Mdogo wake Eliasi upande wa pili. Kiti cha nne kilikuwa kitupu. "Kaa," Sista akasema. "Hicho ndicho chako, mpaka nitakaposema vinginevyo." Tukala kwanza mtori wa ndizi, bakuli mbili mbili, maana Sista alisema huwezi kumfundisha mtu anayeisikiliza njaa. Halafu akatoa karata.

Nikueleze kidogo tu, usikimbie. Briji ni watu wanne, wawili dhidi ya wawili, mwenzako ameketi mbele yako. Kila mtu ana karata kumi na tatu, kwa hiyo kuna raundi kumi na tatu za kula. Lakini kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu anataja upande wake utakula raundi ngapi juu ya sita, yaani moja ni saba na nne ni kumi, na turufu itakuwa nini, shupaza, kopa, uru au pau, na anayetaja juu zaidi ndiye anachukua, ila akishindwa kufikisha alichotaja anaadhibiwa. Asiyetaka kutaja anasema "pasi". Huruhusiwi kumwambia mwenzako una nini. Maneno ya mnada ndiyo barua zenu pekee. Sasa dunia nzima, mwenye karata nzuri anataja, mwenye mbaya anasema pasi. Sista Aikande na rafiki yake mmoja, tangu wako bwenini wasichana, walikuwa wameupindua mfumo huo. Kwao, mwenye mkono mnene ndiye anayesema pasi. Mwenye takataka ndiye anayefungua mdomo, na anasema "uru moja", hata kama hana uru hata ya dawa.

"Mbona kinyume, Sista?"

"Kinyume wapi? Mtu wa Machame ukimuuliza kahawa imekuwaje, anasemaje?"

Eliasi akadakia, "Tumeambulia kidogo."

"Na nyuma yake?"

"Lori linapakia."

"Haya. Na anayepiga kelele kilabuni ni nani? Yule ambaye shamba lake limebaki kisiki. Sisi tumeandika tu kile ambacho watu wanafanya." Waliuita Mfumo wa Kihamba. Haukuwa wizi, maana sheria ya briji inataka meza nzima ijue maana ya maneno yenu, na Sista alikuwa ameyaandika yote kwa mwandiko wake wa kadi ya kliniki kwenye kadibodi, anaiegemeza kwenye chupa ya chai ili wapinzani wasome. Amri ya kwanza, imepigiwa mistari miwili: mwenzako akisema pasi, wewe huruhusiwi kusema pasi. Lazima useme kitu. Kama huna kitu, sema uru moja, maana yake nimekusikia, mimi ni maskini, endelea mwenyewe.

Sasa mfikirie dalali wa mitumba katika mfumo huo. Jumamosi ya kwanza nilishika ree tatu, yaani zile karata kubwa kuliko zote, na wafalme wawili. Damu ikanipanda. Nilipaswa kusema pasi kwa upole kama mchungaji. Nikatoa "KOPA MBILI!" kwa sauti ya sokoni mpaka ng'ombe akaitikia kutoka bandani. Sista akaweka karata chini. "Umewatangazia wezi zizi liko wapi." Upande wa pili nao ulikuwa mgumu vilevile. Mtu wa Kibosho akae sebuleni kwa watu wa Machame atamke kwamba hana kitu? Bora ufe. Nilikuwa nasema "uru moja" kwa kunong'ona, nikitazama kalenda. Ilinichukua mpaka kahawa ianze kuiva kukubali kwamba nikiwa nacho ninyamaze na nikiwa sina niseme. Mke wangu anasema sikuhitimu mpaka leo.

Kuhesabu nako kulikuwepo: ree pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja, wasomi wanajumlisha wanajua waende wapi. Sista alinifundisha kuhesabu, kisha akanifundisha kutoamini sana. "Hesabu ni kama tarehe ya kujifungua," alikuwa anasema huku anagawa karata kwa vidole vile vinene. "Unaandika kwenye kadi. Lakini mtoto hajasoma kadi. Unaweka mkono tumboni, unasikiliza." Mfalme anayekaa mbele ya mwenye ree ni mfalme wa kwenye picha tu. Karata ndogo sita za aina moja ni jeshi. Mkono wenye pointi nyingi zilizotawanyika ni kama sherehe ya kamati bila mwenyekiti. Niliyaelewa haya haraka kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote darasani, na nilianza kuhisi, ndugu yangu, kitu cha ajabu: kwamba ninazo akili. Jumamosi ikawa ndiyo siku yangu. Kule sokoni nilikuwa Fomu Tuu. Pale kwenye blanketi la kijivu Sista aliniita Deogratias, jina lote, silabi zote.

Lakini niligundua pia dosari yake. Sista akishika karata nzuri hakuwa anajua kusimama. Aliyoyahubiri yote kuhusu kusikiliza tumbo yalikuwa ya watu wengine. Ukimwambia uru moja, sina kitu, anakwambia shupaza nne, yaani raundi kumi, utafikiri umaskini wako ni unyenyekevu tu. Mara tunapata, mara tunaanguka kwa kishindo. Baba Ruth alikuwa anaandika adhabu kwenye daftari bila neno, kwa penseli ndogo, kama anayeandika nyakati za treni.

Kiti nilichokalia kilikuwa cha Mwalimu Elinami. Hilo nililisikia kwa Eliasi tukikata majani ya ng'ombe. Miaka mitatu nyuma, kwenye kilabu ya briji ya Moshi mjini, Sista alishika mkono mnene wa ajabu akasema pasi. Zamu ikafika kwa Mwalimu, naye akavunja amri ya kwanza: akasema pasi. Wote wanne wakapita, karata zikafungwa, ikaandikwa sifuri. Sista akazimwaga zake mezani watu wote waone alichopoteza, akasema kwamba mtoto wa darasa la kwanza angejua, na kwamba sasa anaelewa kwa nini shule ya Elinami inafelisha. Mwalimu akazichanganya karata zake na nyingine bila kumwonyesha mtu, akaaga kila mmoja kwa jina isipokuwa mmoja, akaondoka. Tangu hapo akacheza na Bwana Jayanti, mwenye duka la vyuma, kwa mfumo wa kawaida. Na Jumapili? Wote wawili kwaya moja, sauti ya pili, wanashirikiana daftari moja la nyimbo. Nilikwenda mara moja kushuhudia, mimi Mkatoliki. Wamesimama bega kwa bega, wanaimba vizuri mpaka unataka kulia, wala hawasalimiani. Sista anashika daftari, anageuza ukurasa kabla mwenzake hajamaliza mstari.

Siku moja mwezi wa kumi na moja nilikuwa nanawa mikono kwenye ndoo nyuma ya jiko la nje, nikawasikia ndani. "Huyu kijana anasikia," Sista anasema. "Ana mkono. Lakini hanibishii kama yule." Baba Ruth akajibu, na sauti yake ilikuwa adimu kiasi kwamba niliacha maji yatiririke. "Mwite basi." "Nimwite nimwambie nini?" "Mwambie njoo." "Yeye ndiye aliyeharibu." "Mama Ruth, miaka mitatu. Hata mimba ya tembo imeshazaliwa." Halafu nikasikia mkunga wa Machame, mwanamke aliyekuwa anafokea madaktari, anavuta kamasi. "Hawezi kuja," akasema. "Unamjua alivyo." Nikarudi sebuleni nikakaa kwenye kile kiti, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba ni cha mtu. Nilitaka arudi. Wallahi nilitaka, kwa ajili ya Sista. Na nilitaka pia asirudi, maana akirudi mimi nitakuwa nani tena? Muuza suruali.

Mashindano ya mwisho wa mwaka yalikuwa Jumamosi moja kabla ya Krismasi, juu ya duka la Bwana Jayanti, chumba chenye harufu ya misumari, tangawizi na chevda, kile kitafunio cha Kihindi. Bwana Jayanti alisimama na kikombe chake cha chai akatangaza kwa adabu kwamba kuanzia mwakani Mfumo wa Kihamba hautaruhusiwa, wageni wanalalamika wanaumwa kichwa. Sista akasema, "Basi mfumo utazikwa na heshima zake." Tulicheza tangu asubuhi. Tulishinda meza baada ya meza, mimi nikiwa nimekaa wima kama mtu wa benki, na kufika saa kumi na moja jioni ilibaki seti moja dhidi ya Bwana Jayanti na Mwalimu Elinami. Kwa hiyo wakaketi. Miaka mitatu hawajakaa meza moja. Mwalimu alisoma ile kadibodi kwenye chupa ya chai kuanzia juu mpaka chini, yeye aliyeutunga mfumo wenyewe nusu, kisha akasema kwa Bwana Jayanti, siyo kwa Sista, "Tahajia imeharibika."

Mkono wa mwisho tulikuwa mbele, lakini kidogo mno, kama mtu aliyetangulia kwa pua. Sista ndiye aliyeanza. Akapanga karata zake, akazipanga tena. "Pasi." Bwana Jayanti: "Pasi." Nikatazama zangu. Ndugu yangu, sijawahi kuona uchafu kama ule. Ree hakuna, mfalme hakuna, malkia hakuna, hata ghulamu wa kusingizia. Karata yangu kubwa ilikuwa kumi ya pau. Amri ya kwanza, mistari miwili: sema uru moja. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikamwona Sista, siyo uso wake, maana kusoma uso wa mwenzako ni dhambi mezani. Nilimwona wa mwaka mzima. Nikisema uru moja, atapanda. Atapanda mpaka shupaza nne kwa sababu mbele yake yuko Elinami, kama yule mama wa kitenge na jirani yake, na mkononi kwangu hamna hata raundi moja ya kumpa. Tutaanguka, na mashindano yataanguka na sisi. Tukipita wote, inaandikwa sifuri, tunabaki mbele. Hiyo ilikuwa hesabu ya kwanza. Ya pili ilikuja ikiwa imeshikana nayo: ndipo nilipoelewa Mwalimu alishika nini siku ile. Nikajua nikisema pasi nitalazimika kuziweka karata hizi mezani, na Sista ataziona, atamwelewa Mwalimu, na kiti changu kitakwenda. Bwana Jayanti alikohoa.

"Pasi," nikasema.

"Samahani?" Bwana Jayanti akasema.

"Pasi, bwana."

Mwalimu Elinami akainua macho juu ya miwani, akanitazama mimi kwanza, kisha kadibodi. Ilikuwa zamu yake. Ana kitu kidogo, lakini anajua mwenye mkono mnene ameketi wapi. Akitaja ataingia mwenyewe mdomoni mwa chui. "Pasi," akasema polepole.

Sista alizimwaga. "Tazama! Ree tatu! Mfalme na malkia wa shupaza! Deogratias, tazama ulichokizika!" Chumba kizima kikageuka. Nikaziweka zangu mezani, zote kumi na tatu, uso juu. Bwana Jayanti, mtu wa vipimo, akaomba karata za wote wanne zifunuliwe, akaanza kuzisogeza kwa kidole. "Sista, wewe ungekwenda wapi?" "Shupaza nne." "Inataka raundi kumi. Ungepata saba." Akasogeza tena. "Nane, kama Mwalimu angelala."

"Mimi silali," Mwalimu akasema.

Mtu akacheka. Sista hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya karata zangu, zile mbili mbili na tatu tatu, anazigusa moja moja kama anayetafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Tulikuwa tumeshinda na hakuna aliyepiga makofi.

"Elinami," akasema, bila kuinua kichwa. "Siku ile ulikuwa na nini?"

"Tisa ya kopa ndiyo iliyokuwa mkubwa wao."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

"Ungeniambia kesho yake."

"Hukuuliza. Miaka mitatu, Aikande, umeniambia nilichokiharibu. Hukuuliza nilishika nini."

Sista akakusanya karata, za wote wanne, akazigongesha mezani mpaka zikalingana. "Una usafiri wa kupanda?" "Sina." "Eliasi amekuja na pikapu." "Mbele panaenea wangapi?" "Watatu," Sista akasema, "huyu ni kijana, atakaa nyuma." Kwa hiyo mshindi wa mwaka alipanda Machame kwenye mvua ya manyunyu, ameketi juu ya mfuko wa pumba, amepakata zawadi, birika la bati kutoka dukani kwa Bwana Jayanti. Kioo cha nyuma kilikuwa kimefungwa lakini niliwasikia njia nzima. Shupaza. Siyo shupaza. Ulitakiwa useme. Niseme nini, tisa ya kopa? Eliasi aliendesha ameinamisha kichwa kama mtu aliyebeba bomu.

Jumamosi iliyofuata nilipiga hodi mara tatu, hakuna aliyenisikia kwa kelele zao za ndani. Mwalimu Elinami alikuwa kwenye kiti changu, sweta lake limetundikwa kwenye egemeo, bakuli la pili la mtori liko mbele yake. Nikasimama mlangoni na shati langu la vifungo. "Sista, nimefukuzwa kazi?" "Umepandishwa," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima niliona meno yake yote. "Kuanzia leo wewe ni adui. Kaa na Baba Ruth." Eliasi alikuwa ameshatoroka kwenda kulisha ng'ombe, kwa hiyo kiti kilikuwepo. Nikakaa. Nisiseme uongo, kilikuwa kigumu. Kutoka upande ule chumba kilikuwa kingine kabisa: dirisha nyuma yangu, kabati mbele, na wale wanawake wawili wanasutana juu ya blanketi kama wasichana wa bwenini, mmoja anasema pasi na mwingine anacheka kabla hajaitikia. Nilishika mkono mzuri. Nikaanza kuupanga kwa ukali wa mtu aliyenyang'anywa, nikiamua kwamba leo watanitambua. Baba Ruth akainama juu ya meza mpaka sikioni kwangu, macho yake yako kwa mkewe.

"Mwanangu," akanong'ona, "leo usicheze vizuri sana."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa hilo ninacho kipaji.